Barua ya wazi kwa wakurugenzi: jalada letu liko kwenye simu ya mtu

Kwa wakurugenzi, wajumbe wa bodi na wakuu wa utumishi wa mamlaka, mashirika na makampuni ya hapa nchini,

YAH: MAZUNGUMZO YA KAZI KUHAMIA KWENYE SIMU BINAFSI ZA WATUMISHI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mtu wa masijala. Nilisomea utunzaji wa kumbukumbu Tabora, nikaajiriwa kwenye mamlaka moja ya maji ambayo sitaitaja, na kwa miaka mingi kazi yangu imekuwa kupokea barua, kuipa folio, yaani namba yake ndani ya jalada, kuiweka kwenye jalada lake na kuhakikisha kuwa siku ikiulizwa inapatikana. Siku hizi chumba changu kimepoa. Barua zimepungua, madokezo (yale maandishi mafupi ya ndani ya ofisi) yamepungua, na vijana wanaoletwa kwa mafunzo ya vitendo huniuliza, kwa heshima zote, kama kazi hii bado ipo. Huwa nawajibu kuwa ipo, ila imehamia mifukoni mwa watu.

Naomba nianze na valvu.

Mwaka juzi bomba la inchi sita lilipasuka usiku kwenye mtaa ulio mteremkoni. Kufunga maji ni kazi ya dakika kumi kama unajua valvu ilipo. Hatukujua. Barabara ile ilikuwa imepanuliwa na kumwagwa lami miaka kadhaa nyuma, na chemba ya valvu ikafukiwa humo. Mchoro tulionao ofisini ni wa kabla ya upanuzi. Sasa, fundi aliyekuwapo siku chemba inafukiwa alifanya jambo la busara: alipiga picha tatu, akapima kwa futi kamba kutoka nguzo ya umeme hadi ukingo wa chemba, akaandika vipimo na kuvituma kwenye grupu la WhatsApp la mafundi. Mkuu wake akamrudishia dole gumba. Kazi ikaendelea.

Bomba lilipopasuka, fundi huyo alikuwa amestaafu na simu yake ya wakati ule ilishazama kwenye ndoo ya maji. Admini wa grupu alihamia shirika jingine na kujitoa. Waliobaki wengi walikuwa wamebadilisha simu, kila mmoja kwa wakati wake, na hakuna aliyehifadhi nakala. Vijana walioajiriwa baadaye waliingizwa kwenye grupu lakini ya nyuma hawakuyaona. Kwao grupu lilianza siku walipoingia. Ikabidi ifungwe valvu kubwa ya juu. Kata tatu zilikaa bila maji siku mbili na nusu. Lami ilichimbwa sehemu nne, na ya nne ndiyo iliyopatia. Wiki mbili baadaye picha zikapatikana kwenye simu ya dereva mmoja ambaye, kwa bahati yetu, hafuti kitu. Vipimo vilikuwa sahihi kabisa.

Waheshimiwa, mnaweza kusema fundi angeandika dokezo. Hata mimi nilisema hivyo, kwa hasira, kisha nikajihesabia njia ambayo dokezo lile lingepita: kwa msimamizi wake, kwa mkuu wa kanda, kwa katibu muhtasi, kwa meneja ufundi, lirudi na maelekezo, ndipo lifike kwangu. Siku nne likienda mbio, na huenda njiani mtu angeuliza kwa nini halina namba ya kumbukumbu. Grupu lilichukua nusu dakika. Fundi alichagua njia iliyo hai. Kosa letu sisi wa ofisini ni kwamba njia hiyo hai tuliiacha ijengwe nje ya nyumba yetu.

Siku moja nilikaa nikahesabu makundi ya kazi niliyomo: kumi na moja. La watumishi wote. La idara. La kanda. La kamati ya ununuzi wa samani, ambayo ilimaliza kazi yake zamani lakini kundi halijafungwa kwa sababu hakuna anayetaka kuonekana ndiye aliyelifunga. La msiba wa mama wa mhasibu, ambalo sasa hivi linatumika kupangia likizo; msiniulize ilikuwaje. Asubuhi kwenye kundi la watumishi wote huanza salamu, zinafuata picha za maua zenye mstari wa Biblia au dua ya Ijumaa, kisha orodha ya michango ya harusi inayonakiliwa upya kila mtu akiongeza jina lake, katikati hapo linapita tangazo kuwa mfumo wa ankara utazimwa saa nane mchana, likifuatiwa na stika kumi na nane za pole kwa aliyefiwa. Saa nane mfumo unazimwa, na madirisha ya malipo yanajaa wateja, na mhudumu anasema kweli kabisa kwamba hakuambiwa.

Hilo ndilo jambo ambalo mtu wa masijala analiona upesi kuliko wengine. Jalada lina kichwa cha habari. Ukitaka habari za kisima fulani unaomba jalada la kisima hicho, unafungua, folio ya kwanza hadi ya mwisho zinakuhadithia kwa mfuatano. Grupu ni kama mtu kachukua barua zote za taasisi, za kazi na za harusi, akazifunga kwa kamba moja kwa mpangilio wa saa zilivyoingia. Kitu kipo, ila kukipata ni bahati.

Kuna programu ya ofisi iitwayo Slack. Iliundwa na kampuni iliyokuwa ikitengeneza mchezo wa kompyuta ulioitwa Glitch. Mchezo ukafungwa mwaka 2012, kikabaki chombo ambacho wale waundaji walijitengenezea wenyewe ili waweze kuongea kazi wakiwa miji tofauti. Mwaka 2014 wakakifungua kwa kila mtu. Jina lake, alivyoeleza mwanzilishi wake Stewart Butterfield, ni ufupisho wa maneno ya Kiingereza yenye maana ya daftari la mazungumzo yote na maarifa yote, linalotafutika. Niliposoma hapo nilicheka peke yangu. Hiyo si masijala? Mwaka 2021 Salesforce waliinunua kwa zaidi ya dola bilioni 27, na mimi hapa huu ni mwaka wa tatu naomba rafu za chuma.

Tofauti ya vyombo vya namna hiyo na WhatsApp haiko kwenye uzuri wa rangi. Iko kwenye mambo mawili au matatu ya kawaida sana. Mazungumzo yamegawanywa kwa mada, kwa hiyo habari za visima hazikutani na habari za harusi. Anayeingia leo anayaona ya mwaka jana. Anayeondoka kazini anaondoka yeye tu, maneno yake ya kazi yanabaki. Na taasisi ndiyo yenye ufunguo, kwa maana kwamba akaunti inafungwa siku mtu anapokabidhi kitambulisho, badala ya kuendelea kusoma siri za ofisi akiwa kwa mwajiri mwingine, kama ninavyowajua wawili wanaofanya hivyo mpaka leo. Hawana ubaya. Hakuna aliyekumbuka kuwatoa.

Naijua hoja itakayokuja: tuipige marufuku WhatsApp kazini. Tumeshajaribu. Ulitoka waraka wa kurasa mbili, wenye mhuri, unaokataza mawasiliano ya kiofisi kupitia makundi sogozi. Nilipewa nakala ya jalada. Watumishi waliupata waraka huo kwa njia gani? Ulipigwa picha na kutumwa kwenye grupu, na wakuu wa idara wakajibu chini yake, mmoja baada ya mwingine, "Umepokelewa mkuu."

Na msije mkadhani mimi naililia karatasi. Upande wa serikali, mfumo wa e-Ofisi umeondoa usumbufu mwingi wa majalada kuzunguka kwa mikono, na barua pepe za serikali zinafanya kazi yake. Lakini vyombo hivyo vimeundwa kwa ajili ya jambo lililokwishaiva: barua, dokezo, idhini. Fundi aliye shimoni mikono ikiwa na tope hana dokezo. Ana swali, na analitaka jibu kabla jua halijazama. Kati ya barua na umbea wa korido kuna nafasi kubwa, na katika nafasi hiyo ndimo kazi yenyewe inamofanyika.

Nitawapa mfano wa siku nafasi hiyo ilipojazwa vizuri. Kwa miezi michache tuliwahi kuwa na jukwaa la ndani, limewekwa na kijana mmoja wa TEHAMA kwenye seva yetu wenyewe, programu huria isiyolipiwa leseni. Kulikuwa na chumba cha pampu na mitambo. Jioni moja mwendesha mtambo wa wilaya ya mbali aliandika kwamba pampu ya kisima inajizima kila ikifika saa moja usiku, asubuhi inawaka vizuri, na ameshabadilisha fyuzi mara mbili. Mtu wa wilaya nyingine kabisa, ambaye hawajawahi kuonana, akamwambia aangalie rilei ya kulinda fezi ndani ya paneli: imewekwa kali mno, na jioni watu wakiwasha taa umeme wa kijijini unashuka, rilei inadhani ni hatari, inakata. Akamwelekeza aishushe kidogo na asiizime kabisa, maana siku umeme ukikosa fezi moja kweli, mota itaungua. Dakika ishirini. Tulikuwa tumeshaandaa gari, posho ya siku tatu na fundi wawili wa kutoka makao makuu. Na kilichonifurahisha mimi si posho iliyookolewa; ni kwamba miezi miwili baadaye kituo kingine kilipata shida ileile, mwendesha mtambo akatafuta neno "inajizima", akakuta jibu, akarekebisha bila kumuuliza mtu yeyote.

Jukwaa lile lilikufa. Wengi watawaambia lilikufa kwa sababu watumishi hawapendi teknolojia, au kwa sababu yule kijana alihama. Mimi nilikuwepo, naomba niseme lilivyokufa.

Palikuwa na chumba cha wote. Msoma mita mmoja aliuliza kwa adabu kwa nini wanadaiwa kufikisha idadi ya nyumba ileile wakati nauli ya bodaboda imepanda na fedha ya mafuta haijaongezwa. Watu hamsini na kitu walibonyeza kuunga mkono. Kimya kikapita siku mbili. Siku ya tatu mkuu mmoja akaandika: "Masuala ya namna hii yana utaratibu wake, si mahali pake hapa." Yule msoma mita akaitwa ofisini. Hakufanywa chochote, aliongeleshwa tu. Lakini alipotoka, koridoni wote tulijua. Kuanzia wiki ile chumba cha wote kikawa cha pongezi. Mkurugenzi akiweka picha ya ziara, wanamiminika: hongera mkurugenzi, wewe ni jembe, kazi iendelee. Vijana wana neno lao kwa hilo, uchawa, nami sioni jingine linalofaa zaidi. Ndani ya miezi mitatu maswali ya kweli yalikuwa yamerudi WhatsApp, kwenye vikundi vidogo visivyo na bosi.

Kwa hiyo ninaposema tuwe na jukwaa la ndani, sisemi mnunue programu. Programu ni sehemu rahisi kuliko zote. Nasema kwamba siku mtumishi wa ngazi ya chini akiuliza jambo hadharani, mtu mwenye mamlaka ajibu hapohapo hadharani, hata kama jibu lenyewe ni "bajeti haitoshi, tutaliangalia robo ijayo." Jibu baya lililoandikwa, lenye jina na tarehe, ni kumbukumbu. Naweza kulifungulia jalada. Kimya hakina folio.

Masijala tuna utamaduni unaoweza kuwasaidia hapa. Tangu zamani kuna masijala ya wazi na masijala ya siri. Jambo la nidhamu ya mtu, la ugonjwa wake, la zabuni isiyofunguliwa, linakwenda siri. Mengine yote yako wazi kwa mwenye kuyahitaji kikazi. Kwenye WhatsApp mpaka huo umefutika, tena kwa pande zote mbili. Ya wazi yamefichwa kwenye vikundi vya watu wanne, na ya siri yametupwa barabarani. Nimeona kwa macho yangu karatasi ya ED ya mtumishi, ile ya daktari ya kumpumzisha kazi, yenye jina la ugonjwa wake, ikitumwa kwenye kundi la watu zaidi ya mia ili kuthibitisha kuwa hakutoroka kazini. Nimeona orodha za wadaiwa zenye majina, namba za simu na mitaa wanakoishi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu Mei 1, 2023, na Tume yake ipo. Siku mteja mmoja mwenye mwanasheria mzuri atakapoikuta picha ya ankara yake inazunguka, sijui mtamwonyesha utaratibu gani. Tena Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haikuifunga kumbukumbu kwenye karatasi. Taarifa iliyotokana na kazi ya taasisi ni kumbukumbu, iwe kwa umbo lolote. Maana yake vile vipimo vya valvu vilikuwa mali ya umma, vikatunzwa kwenye ndoo ya maji.

Suala la nani mwenye nyumba nalo msilipite haraka, kwa sababu wauzaji wakija na slaidi zao hawataligusa. Facebook walikuwa na jukwaa la ndani la maofisini lililoitwa Workplace. Walilizindua Oktoba 2016, likaingia kwenye makampuni na mashirika makubwa ya dunia. Mei 2024 walitangaza kulifunga: matumizi ya kawaida hadi mwisho wa Agosti 2025, kisha kusoma na kupakua tu, na Mei 2026 mlango ufungwe. Wateja walipewa muda wa kutosha, hilo niwape haki yao. Lakini fikirieni taasisi yenye miaka minane ya mazungumzo ikiambiwa ifungashe. Hao Slack nao, ukitumia ile ya bure, tangu Septemba 2022 wanakuonyesha ujumbe wa siku 90 za karibuni tu, na tangu mwaka 2024 ujumbe uliozidi mwaka mmoja wanaufuta. Mtu wa TEHAMA anaweza kuja kwenu na furaha kwamba amepata kitu cha bure. Mwulizeni swali moja la kimasijala: ya mwaka juzi nitayapata wapi?

Oktoba 4, 2021 mtakuwa mnaikumbuka. Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita. Kwetu siku ile mgao wa maji haukutangazwa na ripoti za jioni za vituo hazikufika, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na namba za simu za wenzake nje ya grupu. Sisi tulijiona washamba. Kumbe hata wenye mtandao wenyewe, kule Marekani, vifaa vyao vingi vya ndani vya kufanyia kazi vilizimika kwa hitilafu ileile, na hiyo ikawachelewesha kurekebisha. Wote tulikuwa tumeweka kila kitu ndani ya jengo moja.

Wafaransa waliona mapema. Aprili 2019 serikali yao ilizindua Tchap, programu ya ujumbe kwa watumishi wa umma, iliyojengwa juu ya mfumo huria uitwao Matrix na kuwekwa kwenye seva za serikali. Mara tu ilipotoka mtafiti mmoja wa usalama akaonyesha tundu la mtu wa nje kuingia, wakaliziba. Sisemi tuwaige kwa kila kitu. Nasema programu huria za aina hiyo zipo, Mattermost, Zulip, Rocket.Chat, zinaweza kukaa kwenye seva ya taasisi au ya kundi la taasisi zilizochangiana, na vijana wa kuzitunza wanahitimu kila mwaka hapahapa. Kinachotakiwa ni kuwalipa na kuwapa msaidizi, maana letu lilikuwa mikononi mwa kijana mmoja, na alipopata kazi Dodoma nenosiri aliondoka nalo kichwani. Tulimpigia simu. Alikuwa muungwana, alitupatia.

Kuna watu ambao barua hii ikiishia hapa nitakuwa nimewasahau kama wanavyosahauliwa siku zote. Mlinzi wa chanzo cha maji ana kiswaswadu. Mwendesha mtambo wa kijijini ana simu janja lakini bando ananunua kwa mshahara wake, na mtandao anaupata akipanda kwenye kichuguu. Msoma mita anatumia bando lake mwenyewe kutuma picha za mita za ofisi, na kwa miaka yote hii hakuna aliyeona kuwa hiyo ni gharama ya taasisi inayolipwa na mwenye mshahara mdogo kuliko wote. Jukwaa litakalowekwa kwenye kompyuta za makao makuu pekee litakuwa klabu ya makao makuu. Wawekwe watu hawa kwanza. Lipeni bando la kazi, jadilianeni na kampuni za simu ili jukwaa lifunguke bila kukata salio, na kwa mwenye kiswaswadu jambo muhimu limfikie kwa ujumbe mfupi wa kawaida. Pale mtandao usipofika, ubao wa matangazo kwenye nyumba ya pampu bado ni chombo cha heshima, ilimradi mtu apewe kazi ya kuuandika.

Halafu kuna usiku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inataja saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataja malipo ya saa za ziada. Haikutaja saa nne usiku umelala, simu inang'aa, mkuu wako anauliza kwenye grupu "hii taarifa iko wapi?", na zile tiki mbili za bluu zinakushitaki kwamba umesoma. Mke wangu aliwahi kuniuliza kama nimeolewa na ofisi. Bomba likipasuka usiku, apigiwe simu aliye zamu, hilo halina mjadala. Lakini taarifa ya robo mwaka si bomba. Moja ya faida za kuwa na jukwaa la kazi lililotengana na simu ya nyumbani ni kwamba linaweza kufungwa saa kumi na nusu jioni likafunguliwa asubuhi, na maneno yakakukuta yamepangwa. Tukihamisha tu mazoea yetu ya grupu kwenda chombo kipya, tutakuwa tumeongeza mlio mwingine usiku.

Ninachoomba, basi. Chagueni kitengo kimoja chenye shida ya kweli ya mawasiliano, mafundi kwa mfano, na mwanze nacho badala ya kuanza na uzinduzi wenye keki. Amueni kabla ya kununua chochote maneno yatakaa wapi, yatatunzwa miaka mingapi, na yatatolewaje siku mkitaka kuhama. Mtu wa kumbukumbu awe mezani siku hiyo. Siku zote tunaitwa mwishoni kuja kubeba maboksi. Toeni mwongozo wa ukurasa mmoja, wa Kiswahili, unaosema kipi cha wazi, kipi cha siri, na kwamba mtu hataitwa ofisini kwa kuuliza swali la kazi kwa adabu. Harusi na misiba ziachwe WhatsApp, huko zinapendeza na wala sioni aibu kusema nitabaki humo. Na ninyi wenyewe, mara moja kwa wiki, muingie mjibu. Mkurugenzi mwenyewe na vidole vyake, wala si afisa habari kwa niaba yake. Watu wanaijua lugha ya afisa habari.

Kuhusu valvu: tarehe ile picha zilipopatikana kwa dereva nilizichapisha, nikaandika vipimo kwa mkono, nikafungua jalada jipya la valvu zilizofukiwa. Mpaka leo lina folio saba. Mafundi wananiambia zilizofukiwa mjini hapa ni nyingi kuliko hizo, na kwamba picha zake ziko kwenye simu zao. Nimewaambia waje nazo wakati wowote. Nipo masijala, chumba cha mwisho kabla ya stoo, saa moja na nusu asubuhi hadi saa tisa na nusu alasiri.

Naomba kuwasilisha.

Afisa kumbukumbu, masijala ya wazi

Nakala: Jalada